Mpango wa biashara wa karakana ya nakshi: niweke picha gani, na ngapi?

FundiLangoni (Lamu)

Assalam aleikum jamaa.

Mimi ni fundi wa nakshi hapa Amu, mtaa wa Langoni. Karakana ni ya ami yangu, lakini macho yameanza kumchoka na mambo ya makaratasi kaniachia mimi. Twatengeneza milango, madirisha, makasha, viti vya enzi, na mbuzi za kukunia nazi, zile ndogo ambazo wageni hununua wakaenda kuzitundika ukutani (nazi hawakuni, lakini hela yao ni halali). Twataka mkopo wa shilingi laki sita: mashine ya randa na banda la kukaushia mbao. Mbao zetu nyingi ni za mwarobaini na mwembe, mbambakofi ikipatikana, na zikivuka kutoka Mokowe, kule bara, huwa bado mbichi.

Mpango nimeuandika, kurasa kumi na nane. Nikampelekea afisa mmoja wa mikopo autazame kabla sijauwasilisha rasmi. Akapitisha kidole gumba kurasa zote, akasema, "Maneno matupu haya. Tia picha." Basi. Picha za nini hakusema.

Sasa picha ninazo mpaka simu yalalamika. Milango ya mji wa kale ninayo ya kila kichochoro, maana Lamu imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na mtu wa Nairobi akiiona ile milango ajua papo hapo tuko wapi. Ninayo jua likizama Shela, punda wakibeba mbao, karakana ndani na nje, ami akichonga, vijana wanaojifunza kazi kwetu, na milango yetu ikiwa imeshafungwa kwenye nyumba za wateja. Tena binamu yangu amenitengenezea kwa akili unde picha ya karakana itakavyokuwa tukipata mkopo. Yapendeza hasa, sakafu yang'aa.

Niweke ngapi? Ziende mwisho zote pamoja au zichanganywe na maneno? Na mahesabu ya mauzo niyageuze michoro au yabaki kwenye jedwali? Mwenye kujua anifungue macho.

PichaMalindi

Wa aleikum salaam fundi. Mimi napiga picha Malindi, harusi na mahoteli, kwa hiyo nitagusa ya kwangu tu. Ya kamati za mikopo wenyewe watakuja.

Nakshi haipigwi jua likiwa utosini, wala kwa flashi ya simu. Mwanga ukitoka mbele waifuta yote, mlango watoka bapa kama umepakwa rangi tu. Utoe nje saa moja unusu asubuhi au saa kumi na moja jioni, uuegemeze ukutani jua liupige ubavuni, utaona kila mahali patasi ilipopita. Ukiwa mzito hautoki, fungua dirisha la upande mmoja ufunge la upande wa pili. Simu ishike usawa wa katikati ya mlango; ukipiga kutoka chini, mlango utaonekana waanguka kinyumenyume. Na weka kitu cha kuonyesha ukubwa, mtu amesimama kando au tepu ya kupimia iliyofunguliwa, kwa sababu picha haimwambii mtu kama huo ni mlango wa nyumba au wa kabati.

Kuhusu ubora: uchapaji mzuri hutaka nukta 300 kwa inchi. Picha ya upana wa sentimita 15 kwenye karatasi ya A4 yahitaji pikseli kama 1,770 upande huo. Simu yako yatoa zaidi ya hapo. Shida ni WhatsApp, ambayo huibana picha ukiituma kwa njia ya kawaida, kwa hivyo mtu akikutumia mwambie aitume kama dokumenti. Halafu usiende upande wa pili ukapachika picha nzito nzito mpaka faili lishindwe kutumika; Gmail hukuruhusu kutuma viambatisho vya hadi megabaiti 25. Zipunguze kwanza, ndipo utoe PDF.

BiMikopo (Malindi)

Mwanangu, huyo afisa amekwambia kweli, ila nusu. Nusu ya pili nakupa mimi.

Nimekaa kwenye kamati ya mikopo ya ushirika mmoja huku Malindi hadi kustaafu kwangu. Nikueleze kwanza mpango unavyosomwa, kwa sababu waandikaji wengi hudhani mjumbe huketi na kikombe cha chai akaanza ukurasa wa kwanza. Wapi! Karani hutoa fotokopi, nyeusi na nyeupe, na mashine yenyewe wino unaomba dua. Mezani kuna maombi ya watu wengine lundo zima na adhuhuri yakaribia. Mjumbe hufungua, hutazama kiasi kinachoombwa, hutazama picha, husoma mstari ulio chini ya picha. Hapo ndipo huamua kama kuna haja ya kurudi kwenye maneno yako.

Ukishalijua hilo, suala la ngapi lajimaliza lenyewe. Mjumbe ana maswali yake kichwani. Hawa watu wapo kweli? Kazi hii ni yao? Pesa zatoka wapi? Kwa nini laki sita, mbona si laki mbili? Wakishindwa kulipa tutashika nini? Chukua kila picha uliyo nayo uiulize wewe wajibu lipi hapo. Isiyo na jibu ibaki kwenye simu.

Milango ya mji wa kale itoe yote. Najua yauma. Lakini mjumbe akiona mlango uliochongwa zamani hizo, ama atadhani ni kazi yako, na siku akijua si yako umekwisha. Ama atajua mapema, ajiulize kwa nini hukuonyesha ya kwako. Mlango wa babu ya mtu hauwezi kuushuhudia mkono wako. Weka mmoja mliotengeneza nyinyi, mzima, na kipande cha karibu cha mfaa wake, ile nguzo ya katikati ya mlango, nakshi ionekane. Chini yake andika: umetengenezwa karakana yetu, mwaka fulani, mbao fulani, kazi ya wiki kadhaa, uliuzwa shilingi kadhaa. Bei usiionee haya kuiandika. Picha bila bei ni pambo. Ikiwa na bei, mjumbe aanza kupiga hesabu yeye mwenyewe, na mtu anayepiga hesabu zako ameshaingia upande wako nusu.

Jua la Shela, toa. Punda, mwache.

Najua watu watacheka, lakini sikiliza. Mpango wako lazima una mstari wa gharama za usafirishaji, na lazima ni mnene. Mjumbe aliyezoea lori kufika mlangoni atauliza mbona mbao za hapo Mokowe tu zigharimu hivyo. Hajui kwamba lori laishia gatini, mbao zashushwa zikatiwa mashuani, zikavuka, zikapandishwa tena, kisha ni punda au mkokoteni kwenye vichochoro ambavyo gari halipiti. Na kila mkono unaogusa mbao walipwa. Basi tia picha moja ya punda na mzigo wake, na pembeni ramani ndogo uliyoichora kwa kalamu: Mokowe, bahari, gati ya Amu, Langoni. Juu ya kila mshale andika gharama ya hatua ile. Ramani ya mkono haina ubaya wowote, bora mistari iwe minene na maandishi yasomeke.

Sasa nije kwenye picha ambayo hukuitaja kabisa, na ndiyo niitakayo kuliko zote. Mbao iliyopasuka. Waomba pesa za banda la kukaushia, basi lazima iko kona karakana mwenu yenye mbao zilizopinda, au ubao wa mlango uliopata ufa baada ya kufungwa. Piga hiyo. Weka tepu kando ya ufa uonekane ni wa upana gani. Chini andika hasara: ubao bei kadhaa, siku za kazi kadhaa. Na ukipata kuazima kile kifaa cha kupimia unyevu wa mbao, chenye misumari miwili na kioo cha namba, piga mbao iliyoshuka leo mashuani na namba yake, kisha mbao iliyokwisha kukauka na namba yake. Picha mbili ubavu kwa ubavu, pembe ileile, mwanga uleule. Mjumbe hahitaji kujua useremala kuona tofauti ya namba. Hapo umemwonyesha kwa nini laki sita bila kumsihi.

Mashine ya randa: picha ya katalogi pekee haitoshi, kila mtu anazo. Bandika kotesheni ya muuzaji. Halafu piga mahali mashine itakapokaa. Chora kwa chaki sakafuni mstatili wenye vipimo vyake, na mita ya stima ionekane ukutani ikiwa iko karibu. Watu wamekopa, wakanunua mashine, ikafika, ikakataa kupita mlangoni. Nyinyi ni mafundi wa milango, msinichekeshe.

Na ile picha ya akili unde ifute, mwambie binamu shukran. Afisa atakuja kukagua. Atakuta mabati na vumbi la randa, na hayo si aibu kwa karakana, lakini kichwani amebeba sakafu inayong'aa, ataona amedanganywa. Kitu ambacho bado hakijajengwa kionyeshwe kwa mchoro: kuta, vipimo, upepo waingilia wapi na kutokea wapi, na juu yake kwa herufi kubwa, BANDA LINALOKUSUDIWA.

Kila picha ikae karibu na maneno yanayoizungumzia. Viambatisho vya mwisho ni vya kotesheni na hati, na wengi hawavifungui.

Kuhusu michoro ya mahesabu, nijibu kwanza: oda zenu huja miezi gani?

FundiLangoni

Bi, Mungu akuweke. Nimekaa na daftari la ami jana usiku baada ya Isha. Oda kubwa, milango na madirisha, huja Aprili, Mei, Juni. Wageni huwa wamepungua, mahoteli mengine na nyumba za kupangisha kule Shela hufunga, wenyewe wafanya ukarabati. Vitu vidogo, mbuzi na makasha, vyaenda Agosti na Desemba wageni wakiwapo. Mimi nilikuwa nafikiri chati ya duara yenye rangi: kipande cha milango, kipande cha makasha, kipande cha mbuzi.

BiMikopo (Malindi)

Rudia kusoma ulichoandika, mwanangu. Aprili, Mei, Juni. Si ndiyo masika hayo? Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote huko kwenu. Kwa hiyo oda zako kubwa zaja wakati uleule ambao mbao hazikauki! Ndiyo sababu zapasuka. Ndiyo sababu ya banda. Mpango wako wote uko hapo, na wewe wataka kuuficha ndani ya duara la rangi.

Fanya hivi. Nguzo kumi na mbili, moja kwa kila mwezi, ziwe thamani ya oda za milango na madirisha kutoka kwenye daftari. Juu ya nguzo hizo pitisha mstari mmoja wa mvua ya kila mwezi, kipimo chake cha milimita ukiandike upande wa kulia. Takwimu za mvua zaulizwa Idara ya Hali ya Hewa, na Lamu ina kituo chake. Nguzo zianze sifuri. Ukizikata chini ili tofauti ionekane kubwa, mhasibu wa kamati ataliona hilo kabla hajakaa vizuri kitini. Na kichwa cha mchoro usiandike "Chati Na. 3: Mauzo". Andika jambo lenyewe: "Oda kubwa huja miezi ambayo mbao hazikauki." Asiyesoma kitu kingine amesoma hicho.

Kama daftari ni la miaka miwili tu, andika miaka miwili. Usiliongeze umri.

Rangi achana nazo. Nyekundu na kijani zikipita kwenye fotokopi zatoka kijivu kimoja, na duara lako lageuka chapati. Nguzo nyeusi, mstari wa nukta nukta, yatosha. Mtiririko wa fedha na ratiba ya marejesho viache kwenye jedwali, kwa sababu mahali pale mjumbe ataka kuweka kalamu juu ya tarakimu na kujumlisha mwenyewe.

Dijitali254

Mnamrudisha kijana wa watu enzi za mkoloni. Siku hizi tia msimbo wa QR kwenye jalada, wajumbe waskani kwa simu, waone video ya dakika mbili: ami anachonga, mashine, bahari, muziki kidogo. Picha mnato zimepitwa.

BiMikopo (Malindi)

Video itengeneze, itakufaa kwa wateja. Lakini kwenye kamati, mjumbe wa kwanza ameacha simu kwenye chaji, wa pili hana bando, na wa tatu ni mimi, miwani iko mkobani. Uamuzi watolewa kwa kilichoko mezani. Ukitaka, weka huo msimbo pembeni, lakini pasiwe na jambo la lazima ambalo liko ndani ya video tu.

MsukaMikeka (Matondoni)

Naingilia kidogo. Kwenye orodha ya fundi kuna vijana wanaojifunza kazi. Wana umri gani? Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yahesabu sura ya mtu kuwa habari yake binafsi, na wa chini ya miaka 18 ni mzazi au mlezi atoe idhini. Sheria kando, mji wetu wajulikana. Si kila mtu apenda sura yake izunguke maofisini, ipigwe fotokopi, ibaki kwenye mafaili ya watu asiowajua. Sisi kwenye kikundi chetu cha mikeka tulipoandika mpango wetu, kina mama wengi walisema mikono tu. Na wallahi mikono ilitosha, kwa sababu ukili unaonekana, kasi ya kazi yaonekana, na hata makunyanzi ya Bi mkubwa wetu yasema kazi ameijua tangu utotoni.

Aliyekubali sura yake ionekane, mwandikie karatasi fupi atie sahihi. Mwambie picha yaenda wapi na kwa ajili gani. Usimuombe "picha tu" halafu ikatokea kwenye Facebook.

FundiLangoni

Hilo sikuwa nimelifikiria, ahsante dada. Wawili kati ya vijana hawajafika kumi na nane. Nitapiga mikono na patasi.

Ami yeye kakubali, ila ataka avae kanzu na kofia ya vito. Namwambia ami, utachonga na kanzu? Asema kamati ni watu wa heshima.

La mwisho: zile picha za milango yetu kwenye nyumba za wateja. Mlango mzuri kuliko yote tuliotengeneza uko ndani kabisa kwa mteja mmoja Shela, na picha yaonyesha sebule yake na vitu vyake. Na jalada je? Afisa alisema jalada lipendeze.

PichaMalindi

Sebule ya mtu omba ruhusa, na hata akikupa, kata picha ubaki mlango na miimo yake. Runinga na masofa ya mteja hayaiongezei nakshi yako kitu, na mtu akiisoma ile picha vizuri ajua nyumba ina nini na mlango wake wafungwa vipi. Makomeo usiyaonyeshe.

Ami mpige mara mbili, ya kanzu impendeze yeye, ya kazini iende kwenye mpango.

BiMikopo (Malindi)

Nakubaliana na huyo. Ami mwenye vumbi kwenye mikono, patasi mkononi, mlango nusu umechongwa mbele yake. Chini uandike amefanya kazi hii miaka mingapi na amefundisha mafundi wangapi ambao leo wanajitegemea. Mjumbe anayeogopa kwamba biashara yamtegemea mtu mmoja mwenye macho yaliyochoka atataka kukuona na wewe pia, kwa hiyo mkae wawili kwenye picha, kila mmoja na kazi yake.

Jalada: jina la karakana, simu, kiasi kinachoombwa, na ule mfaa wa karibu ukijaza nusu ya ukurasa. Bahari usiweke. Kila ombi linalotoka Lamu huja na jahazi kwenye jalada, hata la duka la simu.

Ukimaliza, nenda wanapotoa fotokopi. Toa nakala ya mpango mzima, kisha chukua ile nakala uitoe nakala tena. Hiyo ya pili ndiyo itakayofika mezani. Picha ambayo kwenye hiyo ya pili huelewi ni nini, ipige upya au iondoe.

FundiLangoni

Nimetoka kwenye fotokopi sasa hivi. Zimebaki tisa na michoro miwili. Ufa umetoka vizuri kuliko nilivyotarajia, hata namba za tepu zasomeka. Chati ya mvua na oda yaeleweka; kijana wa dukani mwenyewe kaniuliza, "Kwani nyinyi mbao zenu huwa mbichi mwezi wa tano?"

Punda ndiye kashindwa. Ni wa kijivu na nyuma yake ukuta wa matumbawe wa kijivu, kwenye nakala ya pili zimebaki mbao tu zaelea hewani. Kesho saa moja unusu nampeleka kwenye ukuta uliopakwa chokaa karibu na gati, akikubali kusimama.